Ile ya Zamani Itoshe

Gari lilipakwa kinga ya rangi miezi michache iliyopita, na sasa mwenyewe anataka lipakwe tena. Je, utumie kwanza dawa ya kusafisha rangi, au uoshe tu kwa sabuni, ukaushe, upake mpya juu ya ile ya zamani? Waulize watu watano kwenye lavaji moja hapa Lubumbashi: utapata majibu matano, na kila mmoja atakuapia kwa jina la mama yake. Nimesikia ubishi huo tangu mwaka wangu wa kwanza chuoni, kwa sababu yaya yangu ana lavaji, na Jumamosi zangu na likizo zangu zinaishia huko, kwenye maji na povu. Mwenzangu akiniuliza darasani kwa nini mikono yangu imepasuka kama ya mtu wa kufyatua matofali, sababu ni hiyo.

Ninaandika habari hii katika jarida la watu wa lugha kwa kuwa naona nusu ya ubishi ni wa rangi na nusu ni wa Kiswahili. Watu wanabishana juu ya jambo moja wakitumia maneno ambayo kila mmoja ameyajaza vitu vyake.

Nianze na rangi, maana bila hiyo hatutaelewana.

Bati la gari la siku hizi limevikwa nguo tatu. Chini kuna apre, inayoshika bati na kulilinda na kutu. Juu yake kuna rangi yenyewe, nyeusi, nyeupe, buluu. Juu kabisa kuna verni, ambayo haina rangi, na ndiyo inayong'aa. Verni ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwa una kama mikroni 70. Kwa hiyo kile tunachokiita «rangi inang'aa» ni ngozi nyembamba kuliko unywele, na ngozi hiyo haioti tena. Kila ukiisugua kwa kitu chenye chembe za kukwaruza umeipunguza, hata kama macho yako yanafurahi.

Kinga ni kitu cha nne, na hakitoki kiwandani pamoja na gari. Ni tabaka jembamba sana linalopakwa juu ya verni ili jua, vumbi, mavi ya ndege na utomvu vikutane nalo kwanza. Hapa lavaji yetu inaanza kutuchanganya. Kila kitu cha kopo kinachong'arisha kinaitwa «sire». Lakini ndani ya jina hilo mna vitu viwili visivyo ndugu. Kuna nta ya kweli, kama ile inayotokana na majani ya mti wa carnauba, jamii ya mitende inayoota kaskazini-mashariki mwa Brazili; ina mafuta, inapendeza, nayo haikai sana kwenye joto. Na kuna kinga iliyotengenezwa na wakemia, yaani polima, ambayo inataka kushika verni yenyewe na inaweza kukaa miezi kadhaa. Ukipaka nta juu ya kinga ya polima, hakuna tatizo. Ukipaka kinga ya polima juu ya nta, imeshika mafuta badala ya verni, na mvua chache za Novemba zitaondoka nayo. Mtu anayesema «sire juu ya sire haina neno» anaweza kuwa na haki au akawa amekosea kabisa, kutegemea sire ipi iko chini.

Upande wa pili, kila kitu cha chupa kinaitwa «dawa». Dawa ya kusafisha rangi nayo si kitu kimoja. Baadhi ni viyeyushi tu: vinalainisha nta ya zamani, lami na alama za utomvu, unafuta kwa kitambaa, basi. Nyingine zina unga laini sana wa kusugua, nazo zinakula kidogo verni iliyochakaa pamoja na uchafu wake. Nyingi zina vyote viwili. Nyingine zinaacha mafuta nyuma yake ili gari lionekane limejaa mwanga, na mafuta hayo hayo yanazuia kinga mpya kushika. Ndiyo maana wanaojua kazi wanafuta tena kwa alkoholi iliyochanganywa na maji kabla ya kupaka. Nimeona watu wakiruka hatua hiyo kwa sababu gari tayari linapendeza. Mwenye gari anaondoka na furaha yake, na mwezi ujao anarudi na maneno.

Sasa Kiswahili.

Katika lugha yetu vitenzi vya usafi ni vingi kwelikweli. Kuosha kunataka maji. Kufuta na kupangusa kunataka kitambaa. Kusugua kunataka nguvu. Kukwangua kunataka ukali. Kusafisha hakusemi chochote juu ya njia. Kunasema tu jinsi kitu kitakavyokuwa mwishoni. Mteja akisema «unisafishie gari», amekuachia wewe uchague. Na kuna jambo limenipendeza zaidi kadiri nilivyofikiri juu yake. Kiswahili kina kiambishi cha kutengua: unafunga, unafungua, unaziba, unazibua, unabandika, unabandua. Lakini kupaka hakuna cha kukutengua. Kupakua kupo, ila ni kwa chakula na mizigo, na siku hizi kwa mafaili. Hakuna mtu aliyewahi kupakua rangi. Kilichopakwa, lugha haikupi mlango wa kurudia. Inakulazimu kutafuta kitenzi kingine, na kile utakachookota ndicho kitakachoamua umefanya nini kwenye verni ya mtu.

Sisi wa Lubumbashi kitenzi tulichookota ni kutosha.

Kwetu kutosha maana yake ni kuondoa, kufanya kitu kitoke. Tosha viatu. Tosha makuta mfukoni. Tosha hiyo uchafu. Wenzetu wa Tanzania wanapotusikia wanacheka, kwa kuwa kwao kutosha ni kuwa na kiasi cha haja: chakula kinatosha, maneno yanatosha. Hata humu kitivoni nimesikia mtu akisema kwamba kutosha yetu ni Kiswahili kilichovunjika. Mimi sikubali. Tazama kanuni: kuwaka, kuwasha; kuamka, kuamsha; kuanguka, kuangusha; kukumbuka, kukumbusha. Kitenzi kinachoishia na -ka, ukikifanya cha kusababisha, mara nyingi k inakuwa sh. Basi kutoka, kutosha. Aliyevunja kanuni ni nani? Kiswahili cha mji huu kimechunguzwa na wataalamu tangu miaka ya 1960, akiwemo Edgar Polomé, na baada yake Johannes Fabian. Mwaka 1965 wafanyakazi wa zamani wa nyumbani waliandika humo historia ya mji wao bila kumwomba mtu ruhusa ya sarufi. Hayo tunayajua. Nisichokuwa nimekifikiria, mpaka mwaka jana, ni kwamba herufi chache za kitenzi hicho zinaweza kumgharimu mtu mshahara.

Magari mengi tunayoosha yametoka Japani. Yanashuka bandarini Dar es Salaam, yanavuka Zambia, yanaingia kwetu Kasumbalesa, na kutoka hapo mpaka mjini zimebaki kama kilomita 90. Safari nzima ni karibu kilomita 2,000 za jua na vumbi. Kuna bwana mmoja wa Dar anayeleta magari hayo kuuza, na anapofika huwa anayapitisha kwa yaya kabla ya kuyaonyesha kwa mnunuzi. Mwaka jana, mwezi wa tisa, aliacha jeusi moja, pamoja na kopo la kinga na chupa ya dawa ya kusafisha rangi, akaenda zake Likasi. Gari lilikuwa limepakwa kinga Dar kabla ya kuondoka. Kijana wa lavaji, ambaye ni mwangalifu kuliko wengi wetu, akamtumia ujumbe kwa simu kuuliza afanye nini na sire ya zamani. Jibu lilikuwa hili, nalinakili lilivyokuwa:

«Kama bado ipo, ile ya zamani itoshe. Osha, kausha, kisha paka hii.»

Lisome kama mtu wa Dar: kama kinga ya zamani bado iko, inatosha, usihangaike nayo, osha, kausha, paka. Sasa lisome kama mtoto wa Katuba au Kenya, na hapa nasema Kenya ya kwetu, si ile ya Nairobi: kama sire ya zamani bado iko, iondoe, halafu osha, kausha, paka. Hakuna kinachogongana. Kila sentensi inakubali maana zote mbili. Chupa ya dawa ilikuwa imeachwa pale pale, na chupa ikiachwa ni kama nayo inasema neno.

Kijana akatosha. Akatumia ile dawa, na kwa kuwa gari lilikuwa kubwa na jioni ilikuwa karibu, akatumia mashine. Kwenye ukingo wa kifuniko cha injini, pale bati linapojikunja, kitambaa cha mashine kikageuka cheusi. Wanaojua wanajua: verni ni ya uwazi, haiachi rangi kwenye kitambaa. Kitambaa kikiwa cheusi, verni imekwisha na umeanza kula rangi.

Bwana alirudi kesho yake na mnunuzi pembeni. Sitarudia yaliyosemwa yote. Mnunuzi aliondoka. Bwana akadai kifuniko kizima kipakwe upya, na yaya, ambaye hasira yake huja upesi na kuondoka polepole, akasema gharama itatoka kwenye malipo ya kijana, miezi miwili. Kijana alikuwa amesimama na simu mkononi akisema jambo moja tu: «Alisema nitoshe, njo nilitosha.» Bwana naye: «Niliandika Kiswahili fasaha kabisa! Itoshe maana yake itoshe!» Na wote wawili, kwa kweli, walikuwa wanasema neno lile lile.

Yaya akaniita. «Mudogo, kuya usome hii. Wewe njo unasoma maluga. Nani hajui Kiswahili hapa?»

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kusoma ujumbe ule mara tatu. Kisha nikawaambia kwamba nahau zote wanazozijua hazitasaidia, tatizo liko kwenye herufi ya kwanza. Hiyo i- katika «itoshe» kwa mtu wa Dar ni kiambishi cha kiima: kinga ndiyo inayofanya, yenyewe itoshe, kama vile «nyumba ijengwe», «kazi iendelee». Kwa kijana i- ni kiambishi cha yambwa: yeye kijana ndiye anayefanya, na kinga inafanyiwa, kama vile «ifunge», «ilete». Mwisho wa kitenzi ni -e katika hali zote mbili. Mkazo uko kwenye silabi ile ile. Hata angalimpigia simu na kumtamkia, sauti isingemwokoa. Kumwambia mmoja wao kwamba hajui Kiswahili ingekuwa uongo, na mimi sikuwa tayari kuusema mbele ya mtu ambaye miezi yake miwili ilikuwa inaning'inia.

Bwana alinyamaza kidogo, akasema: «Kwa hiyo mimi nilimwamuru aondoe?» Nikamjibu: «Ndiyo, muzee. Kwa Kiswahili cha hapa, na kwa adabu kabisa.» Hapo alicheka, kidogo.

Lakini niliongeza jambo ambalo kijana hakulipenda, na yaya hakulipenda zaidi. Neno linaeleza kwa nini kijana alifungua chupa. Halielezi mashine. Kuondoa kinga ya zamani hakuhitaji mashine. Kunahitaji dawa kidogo, kitambaa laini, mkono, na subira, sehemu moja baada ya nyingine. Kingoni verni huwa nyembamba zaidi, na mashine hukandamiza eneo dogo na kulichoma. Mashine ile ilinunuliwa na yaya, ikawekwa pale kwa vijana bila mtu kuwafundisha zaidi ya mahali pa kubonyeza. Basi nani alipe? Walibishana mpaka maji ya povu yakakauka chini. Mwishoni yaya alilipia kifuniko kupakwa, bwana alilipa kuoshwa na kupakwa kinga kama kawaida, na malipo ya kijana hayakuguswa. Yaya hakunisemesha kwa siku nne. Ya tano alinituma ninunue sabuni, nikajua yamekwisha.

Je, gari lile lilihitaji dawa? Hilo ndilo swali nililoanza nalo, na niliweza kulijibu kwa sababu nilikuwa nimeliona gari lenyewe wakati wa kuoshwa, kabla ya chupa kufunguliwa. Juu ya paa na milangoni maji yalisimama kama shanga na kukimbia. Kinga ya Dar ilikuwa hai. Pale jibu la bwana lilikuwa sahihi: osha, kausha, paka. Kwenye kifuniko cha injini mambo yalikuwa tofauti. Maji yalilala kama kwenye meza ya mbao, na kulikuwa na matone magumu ya utomvu, maana gari lilikuwa limelala usiku chini ya mwembe. Pale kidogo cha dawa, kwa mkono, kingekuwa na faida. Kumbe watu wawili waliogombana juu ya «itoshe» kila mmoja alikuwa na haki kwa sehemu yake ya bati!

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi, siulizi miezi mingapi imepita tangu gari lipakwe. Naosha kwanza, vizuri, kwa sababu uchafu peke yake unaweza kuzuia maji kusimama kama shanga hata kama kinga iko chini yake. Kisha namwaga maji safi na kutazama. Kisha navaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupitisha vidole juu ya bati likiwa na maji. Mfuko unaongeza hisia, na unasikia punje ambazo macho hayazioni. Bati likiwa laini na maji yakisimama, ile ya zamani itoshe kwa Kiswahili cha Dar. Likiwa na punje, hata dawa si ya kwanza: kuna udongo wa kuoshea rangi, unaoteleza juu ya maji ya sabuni na kunyakua chembe za chuma na utomvu uliokauka. Dawa nabakiza kwa verni iliyofifia, kwa alama zisizotoka, na kwa gari ambalo sijui chini yake kuna nta au polima. Hili la mwisho linatokea mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa kuwa ukimuuliza mwenye gari alipaka nini, atakujibu «sire».

Na dawa yenye chembe sitaki kuitumia kwenye gari zima zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa mji huu ningechagua mwezi wa kumi. Miezi ya kiangazi inakuwa imemwaga vumbi jekundu, maua ya jacaranda yameshakauka na kugandamana juu ya magari, na mvua bado haijaanza kuteremsha vyote hivyo kwenye mikwaruzo. Mtu anayetumia dawa kila anapopaka kinga, mara tatu au nne kwa mwaka, anailinda verni kwa kuimaliza. Wapo, na magari yao yanang'aa sana, kwa miaka michache.

Kuhusu majina, nilijaribu. Nilimwomba yaya tuache kuita kila kitu sire na dawa, tuseme nta, tuseme kinga, tuseme kiyeyushi. Vijana walichukua «kinga» haraka, labda kwa sababu ni fupi. «Kiyeyushi» kilifia mlangoni. Nilimwomba pia kwenye ubao wa bei aandike «kuondoa». Alikataa katakata: hapa ni Lubumbashi, wateja wanatosha, hawaondoi. Basi ubao una mistari miwili iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Wa kwanza, wa bei ndogo: «Kuosha na kupaka kinga». Wa pili, bei mara mbili: «Kinga ya zamani kutosha, na kupaka mpya».

Bwana wa Dar alipita mwezi uliopita na gari lingine. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu, funguo mkononi, akanigeukia.

«Mwanafunzi,» akasema, «kama ya zamani inatosha, mbona hii ndiyo ghali?»